Masika, watoto ndani na bunduki ya upepo ya mjomba

Masika yakikolea Madale, mzazi anawapata watoto wake wote kwa wakati mmoja. Barabara za ndani zinageuka tope, bodaboda anapandisha nauli au anakataa kabisa kuingia, na kiwanja walichozoea kuchezea mpira kinakuwa makazi ya vyura. Kuanzia Machi hadi Mei ukirudi jioni unawakuta sebuleni, kila mmoja na kona yake ya kochi, wanagombea simu moja. Wenzetu wa Ulaya wana baridi na theluji ya kuwafungia ndani, sisi wa pwani tuna mvua. Matokeo yanafanana: mtoto mwenye nguvu za kukimbia kutwa nzima anapewa mita nne za sebule.

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo huenda likakufikia, msomaji, hasa kama una kijana anayebalehe. Ni mtoto anayetaka kulenga shabaha ndani ya nyumba, na ndugu mwenye nia njema anayejitolea kumletea bunduki ya upepo.

Kwangu lilianza na kijana wangu wa miaka 13, aliye darasa la saba. Masika haya alikuwa akiangalia video za mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki za upepo, zile za mita 10 ambazo zimo kwenye Olimpiki tangu 1984. Akampigia mjomba wake, mdogo wangu anayeishi Uingereza. Huko mdogo wangu amejiunga na klabu ya kulenga shabaha. Desemba na Januari, giza likiingia saa kumi jioni, wao hukutana ukumbini, wanatundika karatasi ukutani na kupitisha baridi yao hivyo. Kwa hiyo kijana alipomwambia anachotaka, mjomba alifurahi kweli.

Usiku akanitumia ujumbe wa sauti. "Dada, nimemwelewa mwanao. Kuna za bei nafuu kabisa. Nikija likizo Desemba nakuja nayo, atalenga hapo hapo koridoni."

Sikumkatalia papo hapo. Mtoto anayeomba kitu kwa kujieleza, bila kununa, anastahili kusikilizwa mpaka mwisho. Nikamwambia mdogo wangu anieleze hizo bunduki zikoje, maana mimi nilikuwa najua zile za kuchezea tu zinazouzwa sikukuu za Idi na Krismasi.

Akanieleza vizuri. Ipo ya springi, ambayo unavunja mtutu katikati ili kubana springi, ukivuta triga springi inaachia na kusukuma hewa. Hiyo ndiyo nafuu kuimiliki kwa sababu haihitaji gesi, ila inataka mkono wenye nguvu na inaruka kidogo ikifyatuka. Ipo ya vichupa vya gesi, nyepesi kuitumia, lakini kila kichupa kinaisha baada ya mapigo makumi kadhaa kisha unanunua kingine. Dukani nafuu, nyumbani ghali. Ipo pia ya kujazwa hewa kwa pampu maalumu, hiyo ndiyo yenye shabaha kali na ndiyo yenye bei kali. Akasema kwa mazoezi ya ndani watu huchukua virisasi vya milimita 4.5 vyenye kichwa bapa, kwa sababu vinatoboa karatasi tundu safi la duara unaloweza kulihesabia alama. Kwenye bunduki ya mashindano ya mita 10, alama kumi ni kidoa cha nusu milimita tu.

Kuhusu nguvu, akasema Uingereza mtu mzima haitaji leseni kwa bunduki ya upepo isiyozidi kipimo fulani, karibu jouli 16, na zile za mashindano ya ndani huwa karibu nusu ya hapo. "Kwa hiyo unaona, dada, si silaha ya kutisha."

Nikamuuliza maswali manne. Nayaandika hapa kwa sababu yanafaa kuulizwa na mzazi yeyote kabla ndugu hajafunga begi.

Swali la kwanza ni sheria. Leseni ya Uingereza haivuki bahari. Hapa kwetu silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na vibali hupitia polisi. Mtu asikwambie "hii ni ya upepo tu, haihesabiki", halafu wewe ndiye ukaenda kujieleza uwanja wa ndege. Anayetaka kuingiza kitu chenye mtutu na triga aende kwanza polisi, aulize, apate jibu la maandishi. Na hata huko Uingereza, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kununua bunduki ya upepo, na aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuitumia bila usimamizi wa mtu aliyetimiza miaka 21. Kijana wangu ana 13. Ningekuwa naishi kule, ningetakiwa kukaa ubavuni mwake kila pigo.

Swali la pili ni ukuta. Nyumba zetu ni za tofali za saruji. Kirisasi cha kawaida kikigonga ukuta mgumu kinabondeka na vipande vyake vinarudi, na vile vigololi vya chuma ndiyo vinarudi vibaya zaidi. Ukitaka kulenga ndani unahitaji sanduku maalumu la kunasia virisasi nyuma ya shabaha, miwani ya kukinga macho kwa kila aliyemo chumbani, na chumba ambacho hakuna mlango wa mtu kuchomoza katikati. Koridoni kwangu kuna milango minne, na mmoja ni wa choo anachotumia mama mkwe wangu.

Swali la tatu ni madini yenyewe. Kiswahili kilishatuambia zamani: risasi ni jina la kinachotoka kwenye bunduki, na risasi ni jina la madini mazito ya kijivu. Virisasi vingi vya bunduki za upepo hutengenezwa kwa madini hayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto kwa sababu inaathiri ubongo unaokua. Klabu zina ukumbi unaopitisha hewa, na watu hunawa mikono wakimaliza. Mimi nina binti wa miaka 9 anayekula mandazi akiwa amelala sakafuni.

Swali la nne ni majirani. Mtaa wetu ni wa watu wanaojenga. Mwingine yuko kwenye msingi, mwingine kwenye lenta, mwingine kahamia kabla ya kupiga plasta. Kuta za uzio hazijaisha na madirisha yanaonana. Watu hawa wamepitia nyakati za hofu ya panya road, wamechangishana ulinzi shirikishi, na usiku filimbi ikilia wanatoka na walichonacho mkononi. Sasa apite mtu gizani, aone dirishani kwangu kivuli cha kijana kashika mtutu begani. Hatasimama kuuliza kama ni ya upepo.

Mdogo wangu alijibu moja moja. Sanduku la kunasia angeleta, miwani angeleta, madirisha tungefunga mapazia. Ana majibu, ndivyo alivyo tangu utotoni. Ndipo nikamkumbusha Muheza.

Tulikulia Muheza, na huko kila mtoto wa kiume alitembea na manati shingoni. Siku moja walikuwa wanne chini ya mwembe, wanalenga kopo lililowekwa juu ya tawi. Mmoja wao akavuta, jiwe likakosa kopo, likagonga shina, likarudi kwa mwenzao aliyekuwa amekaa pembeni, hachezi, anakula embe. Jicho la kushoto. Alipelekwa hospitali usiku ule ule na wakubwa walifanya kila walichoweza, lakini jicho halikurudi. Mdogo wangu alikuwa mmoja wa wale wanne. Siyo yeye aliyevuta manati, ila ndiye aliyekimbia kuwaita wazazi.

Nikamwandikia: "Yule aliyevuta alikuwa na shabaha nzuri kuliko ninyi nyote. Unakumbuka?"

Hakujibu siku hiyo. Kesho yake mchana akaandika: "Dada, una haki. Lakini usimwambie hapana halafu ukamwacha hivyo hivyo."

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza kuwa na faida. Kutoka kwa mwenzetu wa Muheza nilipata kipimo ambacho nakitumia mpaka leo, na nakuachia nawe. Chombo cha kulengea usikipime kwa pale kinapopata, kipime kwa pale kinapokosa. Mtoto anayejifunza atakosa mara nyingi, ndiyo maana ya kujifunza. Jiwe la manati likikosa linaendelea na safari. Kirisasi kikikosa sanduku kinatafuta kona. Tafuta kitu ambacho kikikosa kinafika karibu na hapo hapo na kuishiwa nguvu.

Nikamwita kijana tukakaa mezani. Nikamweleza sababu zote nne bila kumficha, pamoja na ya Muheza. Kisha nikamuuliza: unachotaka ni bunduki, au ni kulenga? Akafikiri. Akasema, "Mama, nikilenga kichwa kinatulia. Hata nikilenga kwa karatasi kwenye ndoo." Miezi michache kabla ya mtihani wa taifa, mtoto anakwambia kuna kitu kinachotuliza kichwa chake. Usikipuuze.

Tukaorodhesha vilivyopo. Manati tuliifuta kwa sababu zinazoeleweka. Upinde unataka uwanja. Bunduki za kuchezea za vigololi vya plastiki tulizifuta pia, kwa sababu kigololi hicho kinatosha kuumiza jicho na mtoto anazoea kumwelekezea mwenzake mtutu kama mzaha. Ubao wa sumaku unafaa kwa wadogo, ila lazima uhakikishe sumaku haziwezi kung'oka, maana mtoto akimeza mbili au zaidi zinavutana tumboni na kubana utumbo. Tukabaki na vishale, mchezo ambao wengi wetu tunaujua kwa kuuona baa.

Baba watoto alikuja juu hapo. "Unataka kuniletea mchezo wa baa sebuleni?" Nikamjibu kwamba cha baa ni pombe, ubao hauna kosa. Kijana naye akachomekea kwamba bingwa wa dunia wa Januari 2025, Luke Littler wa Uingereza, alitwaa ubingwa akiwa na miaka 17. Baba akauliza zawadi ilikuwa kiasi gani. Aliposikia ni pauni 500,000, hoja ya baa haikurudi tena.

Jumamosi nikapanda daladala ya Tegeta hadi Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya michezo. Huko utakuta aina mbili kuu. Kuna ubao wa karatasi ngumu iliyosokotwa kama mkeka wa duara, muuzaji aliniambia 30,000. Ni mwepesi, lakini kila kishale kinaacha tundu na kwa watoto wanaocheza kila siku hauchukui muda kuchakaa. Kuna ubao wa nyuzi, mzito, alianzia 90,000 tukamalizana 70,000 pamoja na vishale sita. Huu nyuzi zake zimesimamishwa na kubanwa pamoja, hivyo ncha haitoboi, inapenya katikati ya nyuzi. Ukichomoa, nyuzi zinajifunga tena. Nilichukua wa nyuzi. Wa karatasi ungenilazimu kurudi Kariakoo kabla ya vuli.

Nilipoufikisha nyumbani, mama mkwe aliushika kabla ya watoto. Akapitisha kidole, akanusa. "Hii katani," akasema.

Mama ni wa Korogwe. Marehemu baba mkwe alikata mkonge miaka yake yote ya nguvu, na yeye mwenyewe alianika katani juani baada ya kutoka kwenye korona. Sikujua, na wala sikutegemea, kwamba ubao wa Kizungu ungemfungua mdomo kiasi kile. Jioni ile umeme ulikatika na mvua inanyesha, akawasimulia wajukuu mzigo wa majani ulivyohesabiwa, na jinsi miiba ya ncha ya mkonge ilivyokuwa hatari kwa macho ya wakataji. Mjukuu wake akatafuta kwenye simu akakuta kwamba mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yote ya Tanga na Korogwe. Kufikia miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kabla nyuzi za plastiki hazijaangusha bei. Mpaka leo mbao bora za vishale zinatengenezwa kwa katani, na ya Afrika Mashariki inasifiwa.

"Kumbe babu yako ndiye aliyefanya Wazungu wacheze," bibi akamwambia. Tangu siku hiyo huo si mchezo wa baa tena nyumbani kwetu.

Sasa kuhusu kuufunga. Kipimo cha wakubwa ni kitovu cha ubao kiwe mita 1.73 kutoka sakafuni na mstari wa kurushia uwe mita 2.37 kutoka usawa wa uso wa ubao. Inaingia hata kwenye sebule ndogo. Sisi tulishusha kitovu kidogo na kusogeza mstari kwa ajili ya binti wa miaka 9. Nyuma ya ubao fundi alifunga kwanza kipande cha plaiwudi kilichozidi ubao pande zote, tukakivalisha zulia kuukuu. Kishale kinachokosa kinachoma zulia au kinaanguka. Chini tumetandika mkeka, vinginevyo vigae vinavunja ncha. Hakikisha ukuta huo hauna mlango wala dirisha karibu, na hakuna njia ya kwenda jikoni.

Masharti yetu yameandikwa kwa kalamu nene pembeni ya ubao. Anayerusha ni mmoja, wengine wote wako nyuma ya mgongo wake. Hakuna anayekwenda ubaoni mpaka vishale vitatu vimekwisha. Miguuni viatu, si ndala, kwa sababu kishale kikigonga waya wa ubao kinaweza kurudi. Aliye na kishale mkononi hakimbii na hatanii. Bila mtu mzima sebuleni hakuna mchezo. Atakayevunja sharti anakaa wiki nzima, hata akiwa mgeni, hata akiwa baba. Baba alishakaa mara moja.

Kuna faida ambayo sikuiagiza. Mchezo wa kawaida unaanzia 501, unapunguza kila unachopata mpaka ufike sifuri kamili, na pigo la mwisho lazima liwe kwenye duara jembamba la nje linalozidisha namba mara mbili, au kwenye kitovu chenyewe. Binti anaanzia 101. Mwezi wa kwanza alihesabu kwa vidole, sasa anatoa 57 kwenye 101 kabla kaka yake hajafungua mdomo. Na mpangilio wa namba wenyewe unafundisha tabia. Ishirini iko juu kabisa, lakini kushoto kwake kuna tano na kulia kuna moja. Mwenye tamaa na mkono usiotulia anaambulia moja. Kijana wangu aligundua kwamba akirusha kwa hasira anapata moja, moja, tano. Siku za majaribio ya shule nilikuwa namsikia anarusha dakika kumi, kisha anarudi kwenye vitabu bila kuambiwa.

Sisemi bunduki ya upepo ni kitu kiovu. Kwenye klabu, na msimamizi, na ukuta uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ni mchezo kama mwingine. Kijana akifikia utu uzima akautaka, atafuata njia ya sheria, na nitamsindikiza kushangilia. Ninachosema ni kwamba sebule ya familia yenye milango minne, bibi mzee na mtoto wa miaka 9 si mahali pake, hata bei ikiwa ya bure. Na ninamuunga mkono mdogo wangu kwa lile alilosema: ukimwambia mtoto hapana, usimwache hivyo hivyo. Hitaji lililo nyuma ya ombi linabaki, litakwenda kujitafutia jibu mahali ambapo wewe hupo.

Mjomba bado anakuja Desemba. Ameniuliza vishale vya uzito gani anunue. Nimemwambia vya gramu 18 au 20, mikono ya watoto haihitaji vizito.

Kwa sasa tuna vile sita vya Kariakoo. Kila usiku kabla ya kulala vinahesabiwa kwa sauti na kuwekwa kwenye kopo juu ya kabati langu. Vikiwa vitano, taa hazizimwi mpaka wa sita upatikane.